Ukurasa wa Kumi na Nne

Vijitabu vilikuwa sitini, na Katibu alikuwa ameshashona arobaini na kimoja, binti wa marehemu Bi Duara alipobisha hodi.

"Karibu, mwanangu. Sukuma kwa nguvu, huo mlango hugoma siku za mvua."

Binti aliingia akikung'uta mwavuli, akatafuta pa kukaa. Karakana ya Katibu ilikuwa chumba kimoja tu cha mbele ya nyumba: meza ndefu, kibano cha chuma cha kugandamizia vitabu, kopo la gundi, mabaki ya nguo nyeusi za majalada, na ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, cheti cha masomo ya jioni. Wino wa cheti ulikuwa umefifia. Lakini kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti alikitazama apende asipende, maana Katibu alikuwa amekitundika pale kwa makusudi hayo hayo.

Kazi yake ya mikono ilikuwa kujalidi vitabu. Jina la Katibu alilipata katika mikutano ya Bi Duara, alikokuwa mwandishi wa kumbukumbu kwa miaka mingi, na likamganda. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Katibu.

"Umefika wapi, baba mdogo?" binti aliuliza.

"Bado kumi na tisa. Kesho kabla ya mkutano vitakuwa tayari. Mama yako hakumbukwi kwa karatasi zilizobanwa pini."

Binti alitabasamu, kisha tabasamu likaishia njiani. Alichukua kijitabu kimoja kutoka kwenye rundo. Kilikuwa kimeandikwa na Wakili, yule kijana aliyerithi kazi ya mama yake. Kilieleza maisha ya Bi Duara na namna alivyoendesha mikutano ya kupatanisha watu, ili wanaokuja nyuma wajifunze.

"Kuna kitu kinanikera humu," alisema. "Ukurasa wa kumi na nne."

Katibu aliendelea kuvuta uzi. "Una nini?"

"Unasema mama alipoteza daftari lenye majina ya watu, ndiyo Cheche akakamatwa. Wakili ameupa kichwa: Kosa la Mwalimu Wetu. Anasema ni funzo zuri, kwamba hata yeye alikosea na akakubali mbele ya watu." Alishusha kijitabu mapajani. "Baba mdogo, mama hakuwahi kupoteza hata sindano. Ufunguo wa mlango wetu ni ule ule tangu nizaliwe. Hilo daftari alilipotezaje?"

Uzi ulikatika mikononi mwa Katibu. Alisema uzi wa siku hizi haufai kitu.

"Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

"Ni zamani, mwanangu. Mambo yalikuwa mengi."

"Lakini alisema hivyo? Kwamba yeye ndiye aliyelipoteza?"

"Alisema kama ilivyoandikwa."

Na huo haukuwa uongo. Ndiyo maana maneno hayo yalimwelemea kuliko uongo wowote aliowahi kuusema.

Binti alisimama, akafungua mwavuli wake mlangoni. "Nimemwalika mjane wa Cheche. Sijui kama atakuja. Miaka kumi na tisa hajakanyaga chumba cha mikutano. Lakini kama mama alimkosea, naona ni juu yangu kumwomba radhi kwa niaba yake. Nitaomba radhi kesho, mbele ya wote."

Alipoondoka, Katibu alikaa na sindano mkononi bila kuitia uzi. Binti aombe radhi. Hilo hakuwa amelifikiria.

*

Bi Duara alikuwa mpokea simu wa hospitali. Miaka ishirini na sita alikaa ndani ya kijichumba chenye dirisha dogo, vidude vya kusikilizia vikiwa masikioni, akiwaunganisha watu na wodi. Alikuwa akisema kazi ile ilimfundisha jambo moja tu: mtu akipiga simu mara ya pili kwa shida ile ile, ujue mara ya kwanza hakusikilizwa.

Mikutano aliianza Jumamosi alasiri, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la fundi cherehani. Ilikuwa ya majirani waliogombana, wafanyakazi waliofukuzwa, watu waliovunjiwa nyumba. Alipanga viti duara, na jina likatoka hapo. Kinyozi wa mtaa ule alisema ukimwachia Bi Duara stoo ya magunia, kesho utayakuta magunia yamekaa duara yanatazamana.

Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudisha. Mtu akishasema, anayetaka kumjibu hana ruhusa ya kujibu mpaka kwanza arudishe aliyoyasikia, kwa maneno yake mwenyewe. Mwenye maneno akiona yamerudi salama, anasema, "Ndivyo." Akiona hayajarudi, anasema, "Tena." Watu wazima walitokwa jasho kwenye viti vile. Mwingine alikuja na hasira ya miaka kumi, ikaishia kwenye kurudisha. Mwingine alirudisha mara sita, ya saba akalia.

Kanuni ya pili ilikuwa ya daftari. Jina la mtu lisiandikwe. Andika muuza mkaa kasema hivi, muuguzi kajibu vile. "Majina tutayabeba vichwani," alisema. "Daftari likipotea, lipotee peke yake." Na daftari lenyewe lisitoke chumbani. Lilikuwa la shule, la kurasa arobaini na nane, likilala kabatini chini ya kitambaa.

Katibu alizipenda kanuni zote, ila hiyo ya pili ilimkera rohoni. Alikuwa ameanza maisha kwa kufagia kiwanda cha kupiga chapa. Alijifunza kusoma akiwa na ndevu, kwa masomo ya jioni, akikaa dawati moja na watoto wa wenzake. Na katika mambo yote aliyofundishwa, hakuna lililomwingia kama uandishi wa kumbukumbu za mkutano. Mwalimu wao alisema kumbukumbu zisizo na orodha ya waliohudhuria ni mwili usio na kichwa. Katika cheti kile ukutani, mbele ya somo hilo, paliandikwa: Vizuri sana.

Basi ikaja kesi ya nyumba zilizoungua jirani na kiwanda cha mbao. Familia kumi na nne zilikuwa zimekataa kuhama, na asubuhi moja moto ukawahamisha. Waliopoteza nyumba walikaa duara moja na walinzi wa kile kiwanda, jambo ambalo hakuna aliyedhani litawezekana. Mkutano wa nne, Cheche alisema. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mcheshi, rafiki wa Katibu tangu ujana. Asubuhi ile alikuwa juu ya paa la jirani akichomelea kenchi zake za chuma, akaona gari lililoleta mapipa ya mafuta, na akamwona aliyeshuka, bwana mmoja wa ofisi ya jiji. Mlinzi mmoja alirudisha maneno yake, na Cheche akasema, "Ndivyo."

Katibu aliona siku ile ni ya kihistoria. Akaona ni aibu siku kama ile ikae kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Bila kumwambia mtu, alilichukua akaenda nalo nyumbani. Alifunga daftari jipya, zuri, la jalada gumu, akanakili kila kitu kwa wino, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande mmoja. Na juu kabisa, kama alivyofundishwa, akaandika Waliohudhuria, na majina yote, moja chini ya jingine. Mbele ya jina la Cheche aliongeza kwa herufi ndogo: shahidi wa moto.

Nguo nyeusi ya jalada ilikuwa bakizo la kazi ya ofisi ya jiji. Juma hilo alikuwa anawajalidia madaftari makubwa kumi na mawili, meusi yote. Tarishi alipokuja kuyachukua, Katibu mwenyewe aliyahesabu, moja mpaka kumi na mbili, akayafunga kamba, akamsaidia kuyapakia. Alasiri yake alipoinua kibano akakuta daftari jeusi limebaki. Alilifungua. Lilikuwa tupu, na mistari ya ofisi ya jiji; lake ndilo lililokwenda na tarishi.

Hata leo, miaka kumi na tisa baadaye, alikuwa akihesabu mara mbili kila anapofungua kile kibano.

Alikimbia mpaka hospitali, akagonga kile kidirisha. Bi Duara alimsikiliza vidude vikiwa bado masikioni. Alifumba macho. Kisha akavivua, akavaa viatu vyake vya kutembelea, wakaenda wote kwa Cheche. Walikuta mlango uko wazi na sufuria imeungua jikoni. Mke wa Cheche alikuwa amesimama uwanjani, kashika kofia ya mumewe ya kuchomelea, haelewi aiweke wapi.

Cheche alikaa ndani miezi kumi na moja. Alirudi kifua kimevunjika, hawezi kupanda hata ngazi ya kiti. Aliishi miaka miwili, akafa.

Jumamosi ile ya kwanza baada ya kukamatwa, watu walijaa chumbani, na hawakuja kupatana. Walitaka kujua daftari limefikaje ofisi ya jiji. Katibu alikuwa amekaa na kalamu mkononi. Alipotaka kusimama, Bi Duara alimtangulia.

"Daftari lilikuwa chini ya ulinzi wangu," alisema. "Limepotea mikononi mwangu. Semeni na mimi."

Wakasema naye. Mke wa Cheche alimwambia maneno ambayo Katibu hakuyaandika. Bi Duara aliyarudisha yote, moja moja, mpaka yule mama alipokataa kusema ndivyo wala tena. Alitoka tu.

Walipobaki wawili wakipanga viti, Bi Duara alimwambia, "Leo wangekupasua, kaka yangu. Cheche wamemchukua, nisingekubali wakuchukue na wewe. Lakini nisikie vizuri. Huu mzigo nimekubebea tu. Ni wako. Utakuja kuuchukua."

"Nitauchukua, dada."

"Usichelewe sana. Mimi nina mgongo kama watu wengine."

*

Akachelewa. Mwanzoni watoto wa Cheche walikuwa wadogo, akaona mama yao asiongezewe. Halafu Cheche alirudi mgonjwa, ikawa si wakati wake. Halafu kulikuwa na msiba. Halafu yule mama alionekana ametulia, na kumtonesha kidonda ingekuwa ukatili. Sababu haikukosekana hata mwaka mmoja.

Kila shule zilipofunguliwa alikwenda kwa mjane yule, akawajalidia watoto vitabu. Mjane alimkaribisha kwenye kiti cha Cheche, kile chenye mkono uliochomelewa. Alimpikia chai. "Wewe ndiye ndugu pekee aliyebaki, shemeji," alimwambia. Kisha, chai ikiwa nusu, lazima angefika huko: "Yule mwanamke na viti vyake. Anawafundisha watu kusikilizana, na mume wangu kamtupa kama karatasi."

Na Katibu alikunywa chai mpaka ikaisha.

Bi Duara hakumkumbusha ila mara moja, na siku hiyo alikuwa wodini, katika hospitali ile ile aliyoitumikia. Alikuwa amekonda, mikono yake juu ya shuka kama ya mtu mwingine. Katibu alimpelekea machungwa. Waliongea habari za paa la chumba cha mikutano, linalovuja. Alipokuwa anaaga, Bi Duara aliuliza, "Umemwambia?"

"Bado, dada."

"Haya," alisema. Akageuka, akatazama ukuta.

Siku kumi na moja baadaye akafariki.

*

Siku ya kumkumbuka, mvua ilikuwa imepungua ikabaki ya kuloanisha tu. Chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani kilinuka nguo mbichi. Chini ya lile tundu la paa waliweka ndoo, ikawa inadondokewa tone, kimya, tone. Viti havikufanana, kama kawaida, vingine vya mbao, vingine vya plastiki. Walikuwa watu kama arobaini, duara mbili, moja ndani ya nyingine. Kiti alichozoea kukalia Bi Duara, karibu na kabati, hakuna aliyekigusa.

Katibu alifika na vijitabu vyake sitini ndani ya sanduku. Wakili alimpokea kwa mikono miwili.

"Mzee, umevitendea haki. Hiki ni kitabu cha kwenda nacho mahakamani."

"Umevisoma kabla ya kuvigawa?"

"Mzee wangu, nimeviandika."

Alianza kuvigawa. Hapo mlango ukafunguliwa, na mjane wa Cheche akaingia. Alikuwa amevaa koti la mvua lililokuwa la mumewe, mikono imekunjwa. Watu walijisogeza bila kuambiwa. Binti wa marehemu aliinuka kumpokea.

"Karibu, mama. Asante kwa kuja."

"Sikuja kulia," mjane alisema. "Nimekuja kukiona hicho kiti kikiwa kitupu." Aliona uso wa Katibu upande wa pili, akainamisha kichwa kidogo. "Shemeji."

"Shemeji," Katibu aliitika.

Walianza. Muuguzi alisimulia jinsi Bi Duara alivyomtambua kila daktari kwa kikohozi chake kwenye simu. Kinyozi alisema, "Mimi nililetwa hapa na mke wangu nipatanishwe na kaka yake. Nilirudisha maneno ya yule bwana mara saba. Ya saba ilipofika, nilikuwa nimesahau tunagombania nini, na yeye pia. Tukabaki tunatazamana kama mbuzi wawili. Bi Duara akasema, basi nendeni nyumbani." Watu walicheka, na baadhi yao wakaendelea kupangusa macho baada ya kicheko kwisha.

Kisha Wakili akafungua kijitabu. Alikuwa kijana mzuri, na alimpenda marehemu kwa moyo wake wote. Hilo Katibu alilijua. "Bi Duara hakutaka tumfanye malaika," alisema. "Kwa hiyo nitasoma ukurasa wa kumi na nne."

Akausoma. Daftari lililopotea, majina, kukamatwa kwa Cheche. Alisoma jinsi mwalimu wao alivyosimama akakubali uzembe wake. Neno lile, uzembe, lilikuwa limechapwa kwa herufi nene. Mjane alikuwa akitazama ndoo. Tone. Kimya. Tone.

Alipomaliza, binti wa marehemu alivuta pumzi na kushika ncha za kitambaa chake, tayari kusimama.

"Kaa, mwanangu," Katibu alisema.

Binti alimtazama, akakaa.

Katibu alisimama yeye. Kwa miaka yote ile alikuwa ameandaa maneno ya siku kama hii, sentensi ndefu, zenye kituo mahali pake. Sasa hakuiona hata moja.

"Daftari nililipoteza mimi," alisema.

Kinyozi alisema taratibu, "Katibu, umechoka. Kaa."

"Sijachoka. Nililitoa humu ndani kinyume cha kanuni. Nikalinakili, nikaandika majina, kwa sababu nilisomeshwa kwamba kumbukumbu nzuri zina majina. Nilitaka zionekane nzuri. Nikalijalidi kwa nguo ile ile ya madaftari ya ofisi ya jiji, na tarishi wao alipokuja nikampa kwa mkono wangu huu. Nilimsaidia kulipakia. Bi Duara hakujua lolote mpaka lilipokwisha kwenda. Alisema ni yeye ili msiniguse. Aliniambia huo mzigo amenibebea tu, nitakuja kuuchukua. Nimemwacha nao miaka kumi na tisa. Amekufa nao."

Wakili alikuwa bado ameshika kijitabu wazi, kama mtu aliyepewa mtoto asiyejua wa nani. Binti wa marehemu aliziba mdomo kwa kitambaa. Katibu hakujua akae au asimame, akabaki kati, ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake.

Mjane wa Cheche aliinuka. Kwa muda ilionekana atatoka, kama alivyotoka siku ile. Lakini alivuka duara mpaka akasimama mbele ya Katibu, koti likidondosha maji sakafuni.

"Nitarudisha," alisema. "Si ndivyo mnavyofanya hapa?" Sauti yake haikupanda. "Umesema ni wewe uliyeandika jina la mume wangu. Umesema ulilitoa kwa mkono wako. Umesema yule mwanamke hakuwa na kosa, na ulijua, siku zote ulizokaa kwenye kiti cha mume wangu unakunywa chai yangu."

Hilo la chai Katibu hakulisema. Lakini lilikuwa ndani ya aliyoyasema.

"Ndivyo," Katibu alijibu.

"Sasa sikiliza na mimi." Alikaza koti kifuani. "Mwaka jana alikuja kwangu. Alikuwa tayari mgonjwa. Nilisikia anavyohema kwenye ngazi, anapumzika kila hatua. Akabisha. Akasema, ni mimi. Nilikuwa nasikiliza redio. Nikaizima, ili ajue nipo. Halafu sikumfungulia. Alisimama pale muda mrefu. Nilikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kisha akashuka, pole pole, vile vile anapumzika." Aliingiza mkono mfukoni mwa koti. "Nilifurahi. Siku nzima nilifurahi. Rudisha."

Katibu alianza. "Umesema nimekukosea sana, na unaumia kwa ajili ya..."

"Tena."

"Umesema kwamba kimya changu kilikunyima haki ya kuujua ukweli, na kwa sababu hiyo mahusiano yako na marehemu..."

"Hayo ni ya kitabu," mjane alisema. "Tena."

Tone likaanguka kwenye ndoo. Katibu alilitazama lile koti, akaukumbuka mfuko wa kushoto uliotoboka kwa cheche, ambao rafiki yake alikataa ushonwe kwa sababu, alisema, ni tundu la kupumulia. Maneno yote mazuri aliyoyachuma kwa miaka, jioni baada ya jioni, yalimwacha mmoja mmoja, mpaka hakuwa na zaidi ya aliyokuwa nayo alipokuwa mfagizi.

"Alikuja mlangoni kwako," alisema. "Alikuwa anakufa. Hukumfungulia. Na ni mimi niliyeufunga huo mlango."

Mjane alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ndivyo, Katibu," alisema.

Kwa miaka ishirini na zaidi hakuwahi kumwita hivyo.

Aligeuka. Akapita kwenye kile kiti kitupu karibu na kabati, akasita, akaweka kiganja juu ya mgongo wake, kama mtu anayepima kama nguo imekauka. Halafu akafungua mlango, akatoka mvuani, na akaufunga nyuma yake kwa utaratibu, usije ukapiga kelele.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Wengine walimpita Katibu bila kumtazama, na Kinyozi alimgusa bega, akaenda. Binti wa marehemu alikaa kitini mpaka chumba kikabaki na watu watatu. Hakumlaumu. Hakumwita baba mdogo pia. Aliuliza tu, "Alikuwa anakuulizaga?"

"Mara moja. Wodini."

"Ukamwambiaje?"

"Bado."

Binti aliitikia kwa kichwa, akachukua mwavuli wake.

Wakili alikuwa ameshakusanya vijitabu, akavirudisha sandukuni. Viwili vitatu watu walikuwa wameondoka navyo. Alilileta sanduku mpaka miguuni pa Katibu.

"Tutauandika upya huo ukurasa, mzee," alisema. "Nani atauandika?"

Katibu alivuta kiti chini ya balbu, akatoa kijitabu cha kwanza, akakifungua ukurasa wa kumi na nne, akatafuta kisu chake kidogo mfukoni. Mshono wake ulikuwa imara. Alikuwa ameushona ili udumu, na ikamchukua muda kuupata uzi wa kukata.